Ngoma ya Umati Nyerere Square: Wachezaji 14, Kamba Moja na Mlango wa Daladala

Anayetafuta ngoma ya mavazi ya kung'aa na mruko wa mwisho wa kupigiwa vigelegele, hili si onyesho lake. Wachezaji 14 wanatembea, wanasimama, wanapanga foleni, wanaivunja, wanabanana mlangoni, na kwa takribani dakika 50 hawafanyi jambo ambalo huwezi kuliona stendi ya daladala ya Sabasaba saa 12 jioni. Tofauti ni kwamba wao wanalifanya kwa hesabu, zile zinazoeleza jinsi umati unavyotembea na kubanana. Pale hesabu inapoheshimiwa, kazi hii inazipita ngoma nyingi za jukwaani zinazoletwa Dodoma. Pale inapoachwa na uigizaji kushika nafasi yake, inaporomoka, na inaporomokea robo ya mwisho.

Onyesho limetolewa kwa sura mbili: nje, Nyerere Square, bila kiingilio ila bakuli la mchango linapitishwa, na ndani ya ukumbi kwa Sh 5,000. Ya nje ni bora kwa mbali, kwa sababu zitakazoonekana. Vifaa ni vichache mno: kamba ya katani ya mita 44, chokaa, fremu ya mbao yenye upana wa sentimita 70, kanga, ngoma tatu za Kigogo za muheme na spika mbili ambazo heri zingebaki stoo.

Mwanzo hautangazwi. Hakuna mshereheshaji, hakuna "mabibi na mabwana". Wachezaji wamevaa kama wapita njia: shati la ofisini, dera, ovaroli, mkoba begani. Kwa dakika chache mtazamaji hajui nani mchezaji na nani anawahi benki. Kisha ngoma moja inaingia taratibu kwa vipigo 110 kwa dakika, na kasi hiyo haikuokotwa. Chukua hatua ya mtu mzima ya sentimita 73, zidisha kwa 110, unapata mita 80 kwa dakika, yaani mita 1.34 kwa sekunde. Huo ndio wastani wa mwendo wa waenda kwa miguu ambao mtafiti Ulrich Weidmann aliuchapisha mwaka 1993 baada ya kukusanya vipimo vya tafiti nyingi. Matokeo yake uwanjani yanachekesha: mpita njia halisi anakatiza, na hatua zake zinalingana na ngoma bila mwenyewe kujua. Mpigaji akichangamka na kufika vipigo 125 au 130, siri inavuja. Magoti yanapanda, mikono inarushwa, na watu wa kawaida wanageuka wacheza ngoma kabla ya wakati wao.

Sehemu ya kamba ndiyo ya kuiangalia kwa makini. Uwanjani umechorwa kwa chokaa mstatili wa mita 12 kwa 10. Wachezaji wote wako ndani, na wasaidizi wanne wameshika kamba kwenye pembe. Wanaisogeza ndani kwa hatua tatu huku ngoma ikibaki kwenye kasi ileile.

Mwanzoni eneo ni mita za mraba 120, kila mtu ana zaidi ya 8 za kwake. Mhandisi wa Marekani John Fruin, aliyepanga nafasi ya waenda kwa miguu katika viwango sita mwaka 1971, aliweka kiwango cha juu kuanzia mita za mraba 3.25 kwa mtu, kwa hiyo hapa hakuna anayemhitaji mwenzake. Wanatembea wanakotaka, macho mbele. Kamba inaletwa hadi mita 6 kwa 5. Kila mmoja amebakiwa na kama mita 2 za mraba, na mabega yanaanza kugeuka: mtu anapita upande upande, anampisha mwenzake hatua mbili kabla ya kumfikia. Inaletwa tena hadi mita 3 kwa 2.5. Sasa ni karibu watu wawili kwa kila mita ya mraba. Hatua inafupika hadi nusu, mikono inaacha kupepea, macho yanashuka chini kwa sababu mahali pa kuweka mguu pamekuwa jambo la kutafuta. Mwisho ni mita 2 kwa 2, watu watatu na nusu kwa mita moja ya mraba. Hakuna hatua tena, kuna kuhamisha uzito tu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na mwili mmoja ukiyumba yanayumba yote 14.

Hakuna aliyeambiwa aigize kubanwa. Nafasi ndiyo imeibadilisha miondoko, na mtazamaji anayeangalia miguu badala ya nyuso ataona miondoko minne tofauti iliyo wazi kabisa. Mtunzi aliyejua kuacha jambo hili lijiseme bila kupamba anajua kazi yake.

Kinachoharibika hapa ni utendaji wa kamba. Wasaidizi wasipovuta sawasawa, mstatili unapinda, upande mmoja unabana na mwingine unalegea, nao wachezaji wanakimbilia kwenye ulegevu. Dawa ni fundo kila mita moja, na kila mshika kamba ahesabu mafundo yanayopita mkononi mwake. Kamba ikae kiunoni, isipande hata mara moja kufika kifuani au shingoni, na liwepo neno moja la kuiangusha ambalo mchezaji yeyote anaweza kulitamka. Katani mpya inachubua ngozi. Iloweshwe na kusuguliwa siku moja kabla, au itumike kamba ya pamba.

Inayofuata ni makutano. Wachezaji 7 wenye kanga nyekundu begani wanatoka upande mmoja, 7 wenye kanga za bluu upande wa pili, wanapishana na kugeuka, tena na tena. Baada ya mizunguko michache njia zinajitengeneza zenyewe: msururu mwekundu, msururu wa bluu, mwekundu tena. Sakafuni hakuna mstari na hakuna kiongozi. Watafiti Dirk Helbing na Péter Molnár walionyesha mwaka 1995 kwamba inatosha kumchukulia kila mtu kama anayevutwa na anakokwenda na kusukumwa na walio karibu naye pamoja na kuta. Njia hizi zinatokea zenyewe kwenye hesabu ya kompyuta. Wachezaji wanafanya vivyo hivyo kwa kanuni mbili: fuata mgongo wa anayekwenda unakokwenda, na ukikutana na uso, pisha mapema.

Udhaifu ni idadi. Saba kwa saba ni wachache, njia zinazozaliwa ni nyembamba, na mtu mmoja akikosea kasi zinafutika. Nje udhaifu huu unajifunika, kwa kuwa wapita njia wanaingia kwenye misururu na kuinenepesha. Ukumbini hawapo. Kundi lingefanya vyema kuomba watazamaji 10 waingie na kuwapa kanuni hizo mbili tu. Hazihitaji mazoezi.

Katikati ya makutano mchezaji mmoja anasimama kupiga soga na mwenzake, palepale njia inapopita watu wengi zaidi. Mmarekani William Whyte, aliyepiga picha za filamu za mitaa na viwanja vya New York kwa miaka, alitarajia wenye mazungumzo wasogee pembeni, akakuta wanabaki katikati ya mkondo. Anayefahamu lango la Soko la Majengo siku ya Jumamosi hatashangaa. Mizunguko ya wenzao inavyojikunja kuwapita wale wawili ni mojawapo ya picha nzuri za jioni nzima, na ingestahili dakika moja zaidi.

Kisha kuangalia juu. Mchezaji mmoja anasimama na kuinua uso. Hakuna kitu huko. Baadaye wanakuwa watano, halafu wote. Jaribio lenyewe ni la mwanasaikolojia Stanley Milgram na wenzake, lililochapishwa mwaka 1969 kutoka barabara moja ya New York: aliposimama mtu mmoja kuangalia dirishani juu, wapita njia 4 kati ya 100 walisimama naye, waliposimama 15, walisimama 40. Waliotupa jicho bila kusimama walikuwa wengi zaidi, 86 kati ya 100 kwa kundi la watu 15. Nyerere Square ni mahali pake hasa, maana wapo wauza zabibu, wapo wanaosubiri mtu, wapo bodaboda pembezoni mwa barabara ambao kazi yao ni kuangalia. Sehemu hii inadai uvumilivu: sekunde 60 za ukimya kabla ya mchezaji wa pili kuungana na wa kwanza. Ikifupishwa haifanyi kazi. Na anayenyoosha kidole anaiua, kwa sababu kidole kinaagiza. Jicho peke yake linatosha. Ukumbini, ambapo kila aliyepo amelipa ili aangalie wachezaji, hakuna wa kunaswa na mtego huu, kwa hiyo ungeondolewa kabisa.

Mlango wa daladala ndio kilele. Kwanza sauti: wachezaji watatu wanakuwa wapiga debe. "Chang'ombe, Chang'ombe!" "Nkuhungu hiyo!" "Ilazo, Kisasa, Ilazo!" Majina yanapandana kwa tabaka, mmoja chini, mmoja kati, mmoja juu, kama Wagogo wanavyopandisha sauti nyingi ndani ya wimbo mmoja. Hakuna aliyelitaja jambo hilo wala kulitolea maelezo, na hivyo ndivyo inavyopasa. Fremu ya mbao inasimamishwa. Ngoma zinabaki mbili.

Mara ya kwanza wote wanagombania. Bega la mtu mzima lina upana wa kama sentimita 45, fremu ina 70. Wawili hawapiti pamoja, lakini wawili ndio wanaofika pamoja. Nyuma yao wanafika watatu, na mabega yanafungana kwa umbo la tao kuzunguka mlango. Kila msukumo kutoka nyuma unalikaza tao badala ya kulifungua. Anapita mmoja, kimya, wanapita wawili kwa mkupuo, kimya tena. Mara ya pili wanarudia kwa mwendo wa kutembea, bila foleni rasmi, na wote wamepita mapema zaidi. Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walilionyesha hili kwa hesabu mwaka 2000: pakiwa na mlango mwembamba, kadiri kila mtu anavyotaka kuharakisha ndivyo wote wanavyochelewa. Kuliona kwa miili 14 umbali wa mita mbili kunaingia kichwani haraka kuliko grafu yoyote.

Mara ya tatu mpigaji ngoma mmoja anakwenda kusimama mbele ya mlango, kidogo pembeni, na umati unalazimika kugawanyika kumzunguka. Hili nalo lina asili: wazo la nguzo iliyowekwa karibu na mlango ili kuvunja msukumo. Majaribio yaliyofanywa duniani hayajakubaliana, mengine yanaona faida na mengine hayaioni, na kundi limefanya busara kutodai lolote. Uwekaji wake ndio unaoyumba. Akisimama katikati kabisa anazalisha matao mawili. Asogee sentimita 30 hadi 40 kushoto au kulia kwa mstari wa kati, na awe kama mita moja kutoka kwenye fremu.

Fremu yenyewe ni hatari isipokaa sawa. Miguu iliyopigiliwa misumari kwenye mbao mbili za chini haitoshi kwa watu 14 wanaosukumana. Inahitaji mikono ya mshazari pande zote mbili, mifuko ya mchanga kila mguu, na watu wawili wa kuishika ambao hawachezi. Pembe zipigwe randa na kufungwa kitambaa.

Robo ya mwisho. Muziki wa kurekodiwa unawashwa, sauti ya king'ora inasikika, wachezaji wanapiga mayowe, wanarusha mikono, wanakimbia ovyo, wanaanguka, wanalaliana. Kila walichokijenga kwa dakika 35 wanakibomoa hapa, na kosa si la ladha tu. Ni la ukweli. Umati uliobana kiasi cha kuua hauna nafasi ya mtu kuinua mkono. Fruin aliandika kwamba watu wakifikia kama 7 kwa mita ya mraba umati unakuwa kama kimiminika: mawimbi yanapita ndani yake na kumhamisha mtu bila miguu yake kuamua. Wengi wanaofariki wanakosa hewa kwa kubanwa kifua, baadhi yao wakiwa bado wamesimama. Na wale wanaosukuma kutoka nyuma mara nyingi hawajui mbele kuna nini. Si wendawazimu, hawaoni. Tafiti za tabia za watu kwenye majanga zimekuta pia kwamba wanaoshikana mikono na kuinuana ni wengi kuliko picha ya "kila mtu na lwake" inavyodai.

Nchi hii ina kumbukumbu za karibu. Moshi, Februari 2020, watu 20 walifariki katika msongamano kwenye mkutano wa maombi. Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, Machi 2021, kwenye kuagwa kwa Rais Magufuli, polisi walitaja waliofariki 45. Mtazamaji aliyempoteza ndugu katika mojawapo ya siku hizo akioneshwa watu wanaorusha mikono na kupiga kelele za sinema, ana haki ya kuondoka.

Tena suluhisho wanalo tayari mikononi. Warudi kwenye kamba, mita 2 kwa 2, wasibane zaidi ya hapo, maana 7 kwa mita ya mraba si jambo la kuchezewa hata na waliozoea. Mikono mbele ya kifua, ngumi mbili zikiacha upenyo wa pumzi. Miguu imepishana, mmoja mbele. Ngoma ishuke hadi kipigo kimoja kwa sekunde nne, na yumbo lianzie kwa mtu wa ukingoni lipite hadi upande wa pili na kurudi. Asianguke mtu. Dakika tatu za hivyo, pasipo king'ora, zitawatikisa watazamaji kuliko mayowe yote.

Lingine kuhusu robo hiyo: muheme inanyamazishwa. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, inapigwa ikiwa imebanwa kati ya mapaja, na wapigaji watatu wa onyesho hili ndio wenye mkono thabiti kuliko yeyote uwanjani. Wao ndio waliokuwa saa ya onyesho zima. Kuwazima kwa wimbo wa kwenye simu uliounganishwa na spika ni kumnyang'anya dereva usukani ukingoni mwa safari. Spika zenyewe, moja kila upande wa uwanja, zinafikisha sauti kwa nyakati tofauti kidogo, na wachezaji wa katikati wanapoteza mdundo. Muheme tatu bila umeme zinasikika vya kutosha hadi safu ya nne ya watu. Njuga za miguuni pia zinalia vizuri kwenye sakafu ngumu kuliko kwenye udongo. Zinavaliwa na wachezaji wawili tu, pengine zingevaliwa na sita.

Kwa anayekwenda kutazama: onyesho la nje linaanza saa 11 jioni, na jua liko chini magharibi. Simama upande wa magharibi wa chokaa ili jua likae mgongoni, la sivyo utaona vivuli vyeusi tu wakati wa mlango. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma hauna huruma. Vaa kitu cha kufunika nywele na kinywa dhidi ya vumbi, na chukua sweta maana baada ya magharibi baridi inaingia ghafla. Watoto wakae chini mbele, watu wazima wasimame nyuma, mita moja na nusu kutoka kwenye kamba. Simu ikiinuliwa juu ya kichwa inawafunika watu watatu walio nyuma. Piga picha ukiwa umeishusha kifuani. Ukiombwa kuingia kwenye makutano, viatu vya kufunika, begi abaki nalo mtu wako.

Kwa chuo, shule au ofisi inayotaka kulialika: eneo tambarare la angalau mita 16 kwa 14, ukijumlisha kingo za watazamaji pande zote nne, pamoja na nafasi mbili za kutokea, za mita mbili, zinazoachwa wazi muda wote. Kibali cha jiji na taarifa polisi vitafutwe mapema, na kundi lithibitishe usajili wake Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Sakafu imwagiwe maji kidogo saa moja kabla. Yakizidi inateleza kwenye sehemu ya mlango. Omba toleo la dakika 35, linaloishia kwenye mlango wa tatu. Kundi linakubali.

Na ukumbi. Mbali ya mtego wa kuangalia juu usionasa mtu, na misururu iliyokondeana, palikuwa na jambo ambalo kundi hili kuliko kundi lolote lilipaswa kuliona kwanza. Ukumbi una milango miwili. Mmoja ulifungwa kwa kufuli ili kudhibiti wasiolipa, na watazamaji karibu 200 walibakiwa na mwingine wa sentimita 90. Mlango wa upana huo unapitisha kama mtu mmoja kwa sekunde watu wakiwa wametulia, kwa hiyo zaidi ya dakika tatu kutoka wote, wakiharakisha, tao. Kudhibiti tiketi kunahitaji mtu mmoja na meza kwenye kila mlango. Kufuli litolewe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, na mkaguzi awe mmoja wa wachezaji wenyewe.